Ini Humea, Moyo Haumei

Mwanangu Rukia,

Nakusikia. Ukuta baina ya chumba chako na changu ni mwembamba, na lile sanduku la baba yako lina komeo linalolia. Tangu alasiri umelifunga na kulifungua, umelifunga na kulifungua. Asubuhi ulikuwa ukitia nguo. Sasa nadhani unazitoa.

Ningekuja nikakaa kitandani kwako tukazungumza kama tulivyozoea, lakini unajua nyumba ilivyo tangu nikae eda. Shangazi yako Mwanaidi analala chumbani mwangu, anakula nami, ananisindikiza mpaka mlango wa choo. Hafanyi kwa ubaya. Amefiwa na kaka yake, nami ndicho kilichobaki cha kushikwa. Wageni nao wanakuja kutwa. Neno nikikwambia mchana, ikifika magharibi wanalijua mpaka mtaa wa Shela. Kalamu haina sauti, basi naandika. Barua hii nitakupa kabla ya chakula cha usiku, uisome peke yako.

Sitakwambia uketi upande gani wa basi wala ufiche wapi nauli. Hayo Shangazi ameshayasema, tena ameyasema vizuri, maana yeye amewahi kufika Nairobi na mimi sijafika. Nataka kukujibu swali.

Siku tuliyomzika baba yako, wanaume waliporudi kutoka makaburini, ulikuja ukakaa miguuni pangu, chumba kimejaa wanawake na buibui zao, ukaniuliza kwa sauti yako ile isiyojua kunong'ona: "Mama, daktari alisema sehemu ya moyo wa baba ilikufa. Mbona ini likikatwa humea tena, na moyo haumei?"

Shangazi akajishika kichwa. "Yarabi, mtoto huyu! Leo ndiyo siku ya kuuliza maini?"

Nami nikanyamaza. Nadhani ulifikiri nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nimefundisha bayolojia tangu kabla hujazaliwa, na swali zuri kama lile sijaulizwa darasani hata mara moja. Sikuwa na pumzi tu. Tangu siku ile nimekaa nalo, na kukaa ndiyo kazi niliyopewa.

Nianze mbali kidogo, univumilie, unajua mimi sijui kufupisha.

Kila mnyama huanza akiwa seli moja. Ile moja hujigawa zikawa mbili, mbili zikawa nne, nne zikawa nane. Kabla ya kugawanyika, maagizo yaliyomo ndani ya kiini chake hunakiliwa yote, bila kuachwa hata neno, kisha kila upande hupata nakala yake kamili. Kwa muda seli hizo hufanana kabisa, kama punje za mtama mkononi. Halafu huanza kujipanga. Zinazobaki nje zitakuwa ngozi na ubongo na mishipa ya fahamu. Zinazoingia katikati zitakuwa misuli na mifupa na damu, na moyo wenyewe. Zilizo ndani kabisa zitakuwa utumbo na mapafu na ini. Wewe ulikuwa hivyo tumboni mwangu, nami nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nikiwafundisha wasichana jambo hilo hilo. Sikujua kama nina mimba.

Hapa ndipo wanafunzi huchanganyikiwa. Ikiwa kila seli ina maagizo yote, kwa nini ya jicho isijenge meno? Nilikuwa nikiwapa mfano wa harusi. Unakumbuka tulipopika uani kwa jirani, harusi ya binti yake mkubwa? Kila mwanamke aliyekuja alijua kupika kila kitu, pilau, mahamri, samaki wa kupaka, lakini hakuna aliyepika kila kitu. Waliofika mapema waliweza kutumwa popote. Ila aliyekwisha kushika mwiko wa pilau, bizari imempanda mpaka viwikoni, nani angemwita aje asukume chapati? Ujuzi wa chapati alikuwa nao. Siku ile haukuulizwa tena, basi.

Seli nazo ni hivyo. Hazipotezi maagizo, ila hufunga kurasa nyingi na kubaki zikisoma chache. Nyingine huzifunga kurasa hizo zisifunguke tena.

Miaka ya mwanzo niliwaambia wanafunzi kuwa seli huchagua itakuwa nini. Lilikuwa neno tamu, na wasichana walilipenda. Siku moja mmoja wao, mtoto wa Vitengeni aliyekuwa akikaa nyuma kabisa, akaniuliza, "Mwalimu, yachagua kwa akili gani?" Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nikafungua vitabu. Ikabidi nisome upya. Nikakuta kuwa seli haichagui peke yake. Inategemea ilipo, imepakana na nani, jirani zake wanaipelekea habari gani. Na inategemea wakati. Wataalamu walifanya majaribio kwa vijusi vya wanyama wa jamii ya chura. Walikata kipande ambacho kingekuwa ngozi, wakakihamishia mahali pa ubongo. Kikihamishwa mapema, kilisikiliza majirani zake wapya kikawa ubongo. Kikihamishwa kimechelewa kidogo, hakikusikiliza tena. Kikawa ngozi, kiraka cha ngozi katikati ya ubongo, kikafanya bidii yake yote pasipohitajika.

Kipande ni kile kile. Mkono uliokihamisha ni ule ule. Kilichobadilika ni wakati tu.

Sasa nije kwa Ami yako Salimu. Jana alipokuja wewe ulikuwa jikoni, ukasikia mwisho tu. Acha nikwambie mwanzo wake, maana nimeurudia moyoni kutwa nzima.

Alikaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia, na Shangazi kwenye mkeka katikati yetu. Pazia lile lilivyo jepesi, hata saa yake ya mkononi naisikia. Lakini adabu ya eda unaijua, maneno lazima yapitie kwa mtu.

"Mwambie mwalimu," akasema, "mtoto wa kike hatoki nyumbani na mama yake yumo edani. Watu watasema nini?"

Shangazi akanigeukia. "Wifi, Salimu asema..."

"Nimesikia, Mwanaidi. Mwambie nafasi ya chuo cha maabara kule Nairobi haingoji. Asipofika wiki hii atapewa mwengine."

"Asema nafasi haingoji."

"Nami nimesikia, kwani mimi kiziwi? Mwambie, yeye nani atamfungulia mlango? Nani atamwendea sokoni?"

"Mwambie yupo mtu ameketi katikati yetu hapo, anakula tende zangu tangu matanga."

Shangazi hakulipeleka hilo.

"Amesemaje?" akauliza Ami.

"Amesema... mimi nipo."

Ami akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu siku ya maziko, na kicheko chake kinafanana na cha baba yako mno. Ikabidi nishike ukingo wa kitanda. Kisha akasema, na mara hii alilielekea pazia mwenyewe, "Shemeji, mimi si mtu wa kumfungia mtoto. Ndugu yangu alitaka asome, najua. Basi aamue mwenyewe. Akisema aenda, nampeleka stendi kwa mkono wangu. Akisema abaki, na abaki, wala asiulizwe na mtu."

Kila mtu alimshukuru, hata mimi. Jioni ndipo nilipoona alichokufanyia. Angekataa, ungelia, ungemlaumu yeye, mambo yakaisha. Angekuamuru, ungekwenda huku unanung'unika. Sasa amekuachia mlango wazi, na mlango wazi umekushika kuliko ule uliofungwa. Leo mchana ukala matonge matatu, ukaniambia bila kunitazama, "Mama, nitangoja mwaka ujao. Mwaka mmoja ni kitu gani?"

Neno hilo nalijua, Rukia. Mimi ndiye nililisema kabla yako.

Nilipomaliza kidato cha sita kule Mombasa nilikuwa na nafasi ya chuo kikuu. Macho ya bibi yako yalikuwa yameanza kuingia ukungu, nami ni mtoto wake wa pekee. Nikasema mwaka ujao. Nikashika kazi ya kufundisha ili nisikae bure, mwaka ukapita, shule ikanizoea, nami nikaizoea. Nikapata mafunzo ya ualimu huku huku pwani. Akaja baba yako, ukaja wewe. Nisikudanganye kwamba nilikuwa na huzuni. Seli iliyokwisha kuwa ini haina cha kulilia, inafanya kazi ambayo viungo vyote vingine haviiwezi. Nilipenda darasa langu. Nilimpenda baba yako, na wewe unajua, ulikuwa ukituziba midomo tukicheka usiku.

Lakini kuna siku moja sijamsimulia mtu yeyote. Wewe ulikuwa darasa la pili. Nafasi ilitokea tena, ya watu wazima wenye kazi, nikaitwa Mombasa kuhojiwa. Baba yako akanishonea gauni jipya kwa cherehani yake, la kijani. Nikapanda basi alfajiri. Tulipofika Kilifi tukakuta feri imeharibika, na daraja la kuvukia mkono ule wa bahari hakuna. Watu wakashuka, wakakaa juu ya mizigo yao, wengine wakanunua korosho, wakaanza kupiga soga. Mimi nikasimama. Nikaitazama ile ng'ambo, karibu vile, unawaona watu wa upande wa pili mpaka rangi za leso zao. Na kitu ndani yangu kikalegea, kikashukuru. Gari la kwanza lililokuwa likirudi Malindi, nikalipanda.

Feri ilitengenezwa adhuhuri. Wote waliongoja walivuka. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni nasonga ugali nikiwa na gauni la kijani mwilini. Baba yako aliporudi nikamwambia, "Feri iliharibika." Akasema, "Pole, mke wangu." Na kweli iliharibika.

Kwa miaka mingi niliamini ni bahati mbaya. Siku hizi, nikiwa nimekaa hapa nikihesabu boriti za dari, naona kuwa nilikuwa kile kipande kilichochelewa. Ningepelekwa popote siku ile, ningebaki kuwa kile nilichokuwa. Nilikuwa nimeshafunga zile kurasa, na feri ilinipa tu sababu ya kutozifungua.

Basi swali lako.

Ini likikatwa, sehemu iliyokatwa haichipui mahali pake kama mkia wa mjusi. Zilizobaki ndizo hukua, seli zake huanza kugawanyika tena, mpaka uzito urudi kama ulivyokuwa. Kisha hutulia zenyewe. (Zisizojua kutulia ndizo saratani, lakini hilo ni somo la siku nyingine.) Moyo nao hugawanya seli zake mtoto akiwa tumboni na siku chache baada ya kuzaliwa. Baadaye huacha. Ukipata jeraha, huzibwa kwa kovu. Kovu hushikilia, halipigi. Daktari alisema baba yako huenda alikuwa na kovu la zamani moyoni, na hakuna aliyejua. Alikuwa akitembea nalo akitushonea nguo.

Kwa nini moyo huacha? Vitabu nilivyosoma havikubaliani katika kila kitu, lakini hili nalielewa. Seli ikitaka kugawanyika lazima kwanza iweke kazi chini. Hujikunja ikawa duara, hulegeza nyuzi zake za ndani, hukusanya kila kitu kikanakiliwa, ndipo hujikata mara mbili. Ule ni wakati ambao haifanyi kitu kingine. Seli ya ini inaweza, jirani zake watamshikia mwenzao zamu. Lakini seli ya moyo imejaa nyuzi za kuvuta, na inavuta sasa, na sasa, na sasa. Ikiweka kazi chini, nani atavuta? Basi haiweki. Inanenepa, inakuwa hodari, inazeeka kazini. Na siku ikifa haina mrithi.

Nimeishi hivyo katika nyumba hii. Sijisifu wala sijilaumu. Darasani, jikoni, kwa bibi yako mpaka alipofariki, kwenye madaftari ya watoto wa watu. Sikuwahi kuweka kitu chini.

Sasa eda imeniwekesha vyote chini. Nisikufiche, wiki za mwanzo nilidhani kuta zitaniua. Dirisha langu linanionyesha kipande cha njia kisichozidi upana wa mkeka, na mbuzi wa jirani anayesimama hapo hapo kila asubuhi kama amelipwa. Nasikia wasichana wakipita kwenda shule, naijua sauti ya kila mmoja, wanakwenda kufundishwa somo langu na mtu mwengine. Shangazi yako hunitazama tumbo kila nikiinuka, maana eda pia ni ya kungoja kuonekana kama marehemu ameacha kitu. Juzi nikamwambia, "Wifi, hapa hakuna kitu ila tende tu." Akacheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Usiku joto halitoki, nguo yangu nyeupe ya eda inanata mwilini, na baba yako hayupo upande wa ukutani.

Kwa hiyo nakwambia kweli tupu: nataka ubaki. Sauti ya komeo lako likifunguka inanipa raha. Kila nguo unayoitoa, kifua changu kinashuka kidogo. Ukibaki sitakufukuza, wala hutasikia neno hili kwangu tena. Tutakaa sisi wawili na Shangazi, nitafurahi sana, na kabla mwaka haujaisha utapata kazi ya kufundisha kwa muda ili usikae bure. Shule itakuzoea.

Unaona ninavyojua njia nzima.

Chini kabisa ya ngozi yetu kuna safu ya seli ambazo kazi yake ni kugawanyika. Ikijigawa moja, mara nyingi mmoja wa wale wawili hubaki ameshika msingi, mwengine huachia, akapanda, akawa ngozi yenyewe inayoona jua. Msichana mmoja aliniuliza, aliyebaki hapungukiwi? Nikamwonyesha ubaoni. Hapungukiwi, kwa sababu kila mmoja ana nakala kamili. Huondoki na nusu yangu, Rukia, wala huniachii nusu. Na aliyebaki pale chini hajafa. Anaweza kugawanyika tena.

Nimeanza kufikiri hivyo, kwa uoga. Nimekaa kiasi cha kusikia nyuzi zangu zikilegea. Sijui kama kwa umri wangu kuna ukurasa unaofunguka. Nikitoka eda nitaoga, nitavaa lile gauni la kijani kama bado linanifaa, nami nitapanda basi kuja kukutazama chuoni kwako, niione hiyo Nairobi. Lakini ukiwa hapa nyumbani, nitakuwa naja kumwona nani?

Kesho siwezi kuvuka kizingiti. Ami atakungoja nje, Shangazi atakufikisha mlangoni na dua zake ndefu. Mimi nitasimama ukumbini pale mwanga wa mlango usipofika. Utanibusu mkono humo ndani, tutaagana humo, na ukishatoka usirudi kwa kitu ulichosahau. Kitaletwa.

Magharibi inaadhiniwa. Sanduku lako limenyamaza, na kwa kusikia tu siwezi kujua kama limenyamaza likiwa limejaa au tupu. Sitagonga ukuta kuuliza.

Ila ukienda, na basi likifika Kilifi, ukakuta watu wamekaa juu ya mizigo yao na feri haifanyi kazi, usipande gari la kurudi. Nunua korosho. Kaa juu ya sanduku la baba yako nawe, ungoje. Hutengenezwa.

Mama yako.